Trafiki yuko mbele: onyo la dereva kwa dereva na hoja ya kulipiga marufuku

Februari 2019 idara ya polisi ya New York iliiandikia kampuni ya Google barua yenye maneno mazito. Iliitaka iwazuie watumiaji wa Waze, programu ya ramani ambayo Google iliinunua mwaka 2013, kuonyeshana mahali palipowekwa vizuizi vya kupima ulevi. Barua ilidai kwamba anayetangaza vizuizi hivyo huenda anatenda jinai, maana anawasaidia walevi kukwepa mkono wa sheria. Google ilijibu kwamba dereva akijua kuna askari mbele huongeza uangalifu. Alama ya polisi ikabaki kwenye ramani.

Kila upande ulikuwa na hoja, kwa sababu kila upande ulikuwa unamzungumzia mtu wake. Polisi walimfikiria mlevi, Google ikamfikiria dereva mwenye haraka. Kwenye Waze watu hao wawili walikuwa wanatazama alama ileile. Iliwaambia polisi yuko wapi, na kama anaonekana au amejificha. Haikuwaambia anatafuta nini. Tangu hapo, na hata kabla ya hapo, nchi nyingi zimebishana juu ya kupiga marufuku huduma za kuwaonya madereva, na mara nyingi mjadala umekwama palepale: kila ukaguzi wa barabarani unahesabiwa kuwa kitu kimoja.

Simu haikuanzisha jambo hili. Sheria ya magari ya Uingereza ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, na polisi wakaanza kuwavizia wenye magari. Askari mmoja alijibanza kwenye ua wa miti mwanzoni mwa kipande cha barabara kilichopimwa, mwenzake akajibanza mwishoni, saa ya kuhesabia sekunde ikiwa mkononi. Gari likipita kwa wa kwanza hesabu inaanza. Likifika kwa wa pili, mwendo unajulikana na dereva anasimamishwa. Mwaka 1905 wenye magari waliochoshwa na mitego hiyo waliunda chama, Automobile Association, ambacho Waingereza wanakiita AA hadi leo. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatuma wapanda baiskeli kwenye barabara ya London kwenda Brighton wawaashirie wanachama kwamba polisi wako mbele. Chama kinachojulikana leo kwa kuwanasua watu walioharibikiwa na magari njiani kilizaliwa kama huduma ya kuonya.

Mahakama zililazimika kuamua. Mwaka 1907, katika kesi ya Bastable dhidi ya Little, Jaji Mkuu Lord Alverstone na wenzake hawakuona kosa, kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba magari yaliyoonywa yalikuwa yamezidisha mwendo. Miaka mitatu baadaye, katika kesi ya Betts dhidi ya Stevens, mtu wa AA akatiwa hatiani mbele ya jaji huyohuyo. Safari hii magari yalikuwa tayari yanakimbia kupita kikomo yalipopewa ishara, na kwa hiyo aliyewaonya alikuwa anaufuta ushahidi wa kosa lililokuwa likitendeka. AA ikabadili mbinu. Watu wake walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama aliyebandika beji ya chama kwenye gari. Wanachama wakaelekezwa kwamba wakipita bila kupigiwa saluti, wasimame waulize sababu. Onyo likawa kimya, na kumshtaki mtu kwa kutonyanyua mkono ni kazi ngumu.

Mstari ule wa 1907 na 1910 bado una manufaa. Majaji waliuliza onyo limemkuta dereva katika hali gani na limefanya nini kwa kosa lenyewe. Ndilo swali ambalo sheria nyingi za karne hii zimelisahau.

Mwendokasi ni kosa linaloweza kukoma papo hapo, mguu ukihama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa takriban asilimia 4. Mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lililo kwenye kilomita 65 kwa saa yuko hatarini kufa mara 4.5 zaidi ya anayegongwa kwa kilomita 50. Gari lililopunguza kutoka 65 hadi 50 mbele ya shule kwa sababu dereva ameonywa limefanya kile ambacho kikomo cha mwendo kiliwekewa. Mtoto anayevuka pale hapungukiwi na kitu kwa dereva kutii kwa kuogopa faini.

Kasoro yake ni kwamba utii huo hauendi mbali. Dereva aliyeonywa hufunga breki, hupita mbele ya askari au kamera kwa adabu zote, kisha hukanyaga mafuta tena. Kama mahali pa ukaguzi pamechaguliwa vizuri, penye kona mbaya au kivuko cha watu wengi, mita mia chache za utii zinatosha kuokoa uhai. Kama pamechaguliwa kwa kuwa ni mteremko ambapo kila gari huzidi kidogo, onyo halijaharibu chochote cha maana, na ukaguzi wenyewe haukuwa umeokoa chochote cha maana.

Ulevi ni habari nyingine kabisa. Kiwango cha pombe kwenye damu hushuka kwa takriban gramu 0.015 katika kila mililita 100 kwa saa. Aliyefikisha mara mbili ya kikomo cha 0.08, kinachotumika Tanzania na pia England, anahitaji zaidi ya saa tano kurudi kwenye kikomo. Onyo linampa dakika tano. Atazitumia kuchepuka, na njia ya kuchepukia mara nyingi ni mtaa wa nyuma, usio na taa, wenye watu wanaorudi kwao kwa miguu. Hatari imehamishwa kutoka barabara yenye askari kwenda barabara isiyo na askari. Hapa polisi wa New York walikuwa sahihi, na yeyote aliyewahi kumzika ndugu aliyegongwa na mlevi hahitaji kushawishiwa.

Hata hivyo hoja yao ilikuwa na upande ambao barua haikuugusa. Kesi iliyohalalisha vizuizi vya ulevi nchini Marekani, ya Polisi wa Michigan dhidi ya Sitz, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 1990, ilihusu kizuizi kimoja katika wilaya ya Saginaw. Kwa dakika 75 yalipita magari 126, kila moja likasimamishwa kwa wastani wa sekunde 25, na wakakamatwa walevi wawili. Kwa kukamata, kizuizi ni chombo dhaifu. Nguvu yake iko kwa yule aliyeacha gari nyumbani kwa sababu alisikia kwamba usiku huo askari wapo. Jimbo la New South Wales, Australia, lilipoanza kupima madereva bila kuchagua, Desemba 1982, liliuweka upimaji huo mahali pa wazi, magari ya polisi yakionekana kwa mbali na matangazo yakizagaa kila mahali, na vifo vikapungua. Ndiyo maana idara nyingi za polisi za California hutangaza zenyewe, siku chache kabla, kwamba kutakuwa na vizuizi mjini, bila kutaja kona.

Kinachomzuia mlevi ni kujua kwamba askari wapo na kutojua wapo wapi. Tangazo la kituo cha redio kwamba leo usiku watu watapimwa linaongeza nguvu ya sheria. Alama kwenye ramani inayoonyesha kona yenyewe inaiondoa. Habari hizi mbili zinafanana kwa sura, na zinafanya kazi zinazopingana.

Ufaransa ndiyo nchi iliyoupitia mjadala huu kwa kina kuliko nyingine, tena kwa kujikwaa. Rada za kwanza za kujiendesha ziliwashwa huko Oktoba 2003. Mwaka 2002 watu zaidi ya 7,000 walikufa barabarani. Mwaka 2010 idadi ilishuka chini ya 4,000, na ingawa rada hazikuwa sababu pekee, hakuna aliyeweza kuzidharau. Ndipo miezi ya mwanzo ya 2011 ikaja na ongezeko la vifo. Mei 11 mwaka huo serikali ikatangaza kwa kishindo kwamba vifaa vya kuonya rada vitapigwa marufuku na vibao vya barabarani vinavyotangaza rada vitang'olewa.

Ghasia zikazuka ndani ya chama tawala chenyewe. Wabunge walijua wapiga kura wao wangapi walikuwa na kifaa cha Coyote kwenye dashibodi, na kampuni za vifaa hivyo zilikuwa zinaajiri watu. Kabla Julai haijaisha yakafikiwa mapatano. Amri ya Januari 3, 2012 ilipiga marufuku kifaa chochote kinachotaja rada, kwa adhabu ya faini inayofika euro 1,500 na kupoteza pointi 6 za leseni. Lakini kampuni ziliruhusiwa kuonyesha maeneo ya hatari: mita 300 ndani ya miji, kilomita 2 nje ya miji, kilomita 4 kwenye barabara kuu za magari ya kasi. Rada ingeweza kuwa popote ndani ya kipande hicho.

Wapo walioyacheka mapatano hayo wakisema yamebadili jina tu. Yanastahili kutazamwa kwa haki zaidi. Dereva aliyekuwa anafunga breki kwa mita mia mbili sasa alikuwa na sababu ya kushika mwendo halali kwa kilomita mbili nzima, kwa kuwa hakujua jicho liko wapi. Onyo lililopunguzwa makali likafanya kazi kubwa kuliko onyo kamili, na kubwa kuliko ukimya.

Kisha mitandao ya kijamii ikaipita sheria. Katika mkoa wa Aveyron, kusini mwa nchi, lilikuwapo kundi la Facebook lenye maelfu ya watu walioambiana askari wako wapi. Desemba 2014 mahakama ya Rodez iliwafungia baadhi yao leseni kwa mwezi mmoja. Mahakama ya rufani ya Montpellier ikawaachia huru mwaka uliofuata, na Septemba 2016 mahakama ya juu, Cour de cassation, ikakubaliana nayo: sheria ilikataza vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kugundua rada, na Facebook haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Sheria iliyoandikwa kwa kulenga chombo iliachwa nyuma mara tu watu walipobadili chombo.

Somo hilo lilionekana katika hatua iliyofuata. Sheria ya usafiri ya Desemba 2019, iliyoanza kutumika kwa suala hili Novemba 1, 2021, iliacha kumfuata dereva ikazigeukia kampuni. Mamlaka zinaweza kuziagiza Waze, Coyote na wenzao wasionyeshe taarifa za polisi katika eneo fulani kwa muda fulani: hadi saa 2 kwa ukaguzi wa ulevi na dawa za kulevya, hadi saa 12 pale wanapotafutwa wahalifu wakubwa, magaidi au mtoto aliyetekwa. Eneo haliwezi kuzidi kilomita 10 nje ya miji na kilomita 2 ndani yake. Kampuni inayokaidi inakabiliwa na adhabu zinazofika kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 30,000. Ukaguzi wa mwendokasi peke yake haumo.

Huo ndio mgawanyo uliokosekana kwenye barua ya New York. Una ugumu wake, maana polisi wanalazimika kuiambia kampuni binafsi mapema wapi watasimama, na dereva mjanja anaweza kuona ukimya wa ghafla kwenye ramani akaelewa. Lakini eneo la kilomita kumi ni pana mno kumwambia mlevi apite wapi, na saa mbili ni fupi mno kuwanyima madereva wengine habari za njia.

Ujerumani ilichukua mkondo mwingine. Tangu Aprili 2020 kanuni zake zinasema bayana kwamba dereva haruhusiwi kutumia programu ya kuonya rada akiwa anaendesha. Adhabu ni euro 75 na pointi moja. Mwaka 2023 mahakama ya Karlsruhe ilithibitisha hatia ya dereva ambaye programu ilikuwa kwenye simu ya abiria wake. Wakati huohuo vituo vya redio vinatangaza rada za siku kati ya nyimbo mbili, kihalali, na polisi wenyewe huorodhesha maeneo ya ukaguzi wanapoendesha kampeni yao ya siku moja, Blitzmarathon, iliyoenea nchi nzima mwaka 2013. Wachumi Stefan Bauernschuster na Ramona Rekers waliipima kampeni hiyo katika utafiti uliochapishwa 2022. Siku yenyewe ajali zilipungua kwa asilimia 8. Ilipokwisha, mambo yakarudi yalivyokuwa. Onyo lililotolewa na polisi lilifanya kazi kwa muda ambao watu waliamini polisi wapo, si zaidi.

Nchini Marekani swali la haki ya kusema haliepukiki. Mwaka 2012 dereva mmoja wa Ellisville, Missouri, alikamatwa kwa kuwamulikia taa wenzake waliokuwa wanaelekea kwenye mtego wa mwendokasi. Mashtaka yalifutwa, naye akaushtaki mji. Februari 2014 Jaji Henry Autrey wa mahakama ya shirikisho aliuzuia mji kuwakamata watu kwa sababu hiyo, akieleza kwamba ujumbe wa taa zile ulikuwa kuwaambia wenzake watii sheria. Hoja yake inashikika vizuri kwa mwendokasi. Kwa ulevi inalegea, kwa sababu hakuna ujumbe wa taa unaoweza kumfanya mlevi atii sheria huku akiendelea kuendesha. Apple ililiona hilo mapema: baada ya maseneta wanne kulalamika Machi 2011, ilikataza kwenye duka lake programu zinazoonyesha vizuizi vya ulevi ambavyo polisi hawajavitangaza wenyewe. Rada hazikuguswa.

Afrika Mashariki haihitaji Waze ili kuujua mjadala huu. Kwenye barabara ya Morogoro, basi linalotoka Chalinze linakutana na lori linalokwenda huko; taa za basi zinawaka fulu mara mbili, na mkono wa dereva unatoka dirishani, kiganja kikikandamiza hewa kuelekea chini. Dereva wa lori anajua: tochi, yaani kipima mwendo cha trafiki, iko mbele, kwenye kibao cha 50. Wanaorekebisha mwendo nyuma yake ni kumi, bila neno hata moja. Malalamiko dhidi ya tochi inayofichwa vichakani yamesemwa hadi bungeni Dodoma, na faini ya shilingi 30,000 imefanywa na madereva wengi kuwa sehemu ya hesabu ya safari, kama mafuta.

Nairobi iliongeza sura ya ulevi. Kipima ulevi kilichoingia barabarani Desemba 2013, ambacho Wakenya wanakiita Alcoblow, kilizaa mara moja mtiririko wa jumbe za Twitter na WhatsApp kila Ijumaa usiku kuhusu barabara ipi ina askari. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikatengua kanuni zilizokuwa zinakitawala. Lakini njia zilezile za mawasiliano zilikuwa na faida isiyopaswa kutupwa. Watafiti waliofanya kazi na Benki ya Dunia walichambua jumbe za Ma3Route, jukwaa ambalo wakazi wa Nairobi hupashana habari za foleni na ajali, wakapata taarifa za ajali zaidi ya 30,000 kati ya 2012 na 2020, na kwa hizo wakachora ramani ya maeneo hatari ambayo rekodi za polisi peke yake zisingeionyesha. Marufuku ya jumla ingezima na sauti hiyo.

Sheria za adhabu za Tanzania na Kenya, zilizorithi sheria ya Kiingereza, zote zina kosa la kumzuia kwa makusudi ofisa wa polisi kutekeleza kazi yake. Mwendesha mashtaka mwenye bidii anaweza kulinyoosha kosa hilo hadi limfikie dereva wa basi aliyepiga fulu, akiegemea uamuzi wa 1910. Lingekuwa jambo baya. Dereva yule hakumficha mhalifu. Amelipunguza mwendo lori la tani thelathini mbele ya kijiji. Na kwa kuwa wanaoonyana ni maelfu kila siku, adhabu ingewaangukia wachache wenye bahati mbaya, au ingegeuka mlango mwingine wa kupeana kitu kidogo pembeni ya barabara.

Ufaransa inatoa onyo jingine, la imani. Maandamano ya vizibao vya njano yalipopamba moto, Januari 2019 Waziri wa Mambo ya Ndani Christophe Castaner alisema karibu asilimia 60 ya rada za nchi zilikuwa zimeharibiwa, zimechomwa au zimezibwa. Walioziharibu waliamini zipo kukusanya pesa. Madereva wa Chalinze hawajachoma kitu, lakini wanapigiana taa kwa imani hiyohiyo, na hakuna kifungu kitakachowazuia maadamu imani yenyewe haijajibiwa.

Kifungu kinachofaa kwa hiyo ni kifinyu. Kihusu vizuizi vya ulevi na msako wa wahalifu tu. Kiwe na saa na eneo vinavyojulikana, kiziagize kampuni na wasimamizi wa makundi makubwa, kimwache dereva na taa zake. Kiende pamoja na amri ya upande wa pili: jeshi la polisi lichapishe kila mwaka tochi zilisimama wapi, faini ngapi zilitozwa katika kila eneo, na watu wangapi walikufa au kujeruhiwa hapo kabla na baada. Takwimu za faini na za ajali zipo kwenye mifumo ya polisi. Zinatakiwa kuwekwa kwenye jedwali moja ili abiria wa basi la Chalinze aweze kusoma kama tochi iliyomsimamisha ilikuwa kwenye kivuko cha shule au kwenye mteremko mtupu.